Uyoga Uliokatwa kwa Mkasi

Ninyi mnaonitumia picha za uyoga kwenye simu, kaeni chini leo tuongee, maana kidole changu kimechoka kuandika "sijui". Asubuhi naamka, kabla sijanawa uso, simu inalia: Bibi, huu unaliwa? Natazama. Ni kofia nyeupe iliyopigwa picha kutoka juu, na dole gumba la mtu pembeni. Mguu siuoni. Chini ya kofia sipaoni. Umeota wapi, sijaambiwa. Nikiandika sijui, mtu ananirudishia kikatuni cha kucheka na kuuliza, sasa Bibi, si wewe ndiye mtaalamu? Ndiyo, mjukuu wangu. Ndiyo maana nimesema sijui.

Nimeuza uyoga Kihesa, hapa Iringa, karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Nimeuchuma mwenyewe kwenye miombo ya Idodi, nimeununua kwa wachumaji, nimeuanika juu ya bati, nimeupeleka Mbeya kwenye viroba. Sasa magoti yamegoma na meza yangu ya sokoni ameichukua mtu mwingine. Kilichobaki ni mdomo, na leo nautumia kuwasimulia jinsi kapu moja la uyoga lilivyotaka kuvunja posa ya binti yangu Editha, na lilivyokaribia kutuzika sote pamoja na posa yenyewe. Nitafika huko. Sitafika moja kwa moja, mnanijua.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Mama Zakaria, mwanamke wa Idodi ambaye maneno yake kwa siku yalikuwa machache kuliko ya bubu. Nilipoolewa pale nilikuwa msichana wa mjini mwenye kujiona. Mvua za kwanza akanipa kapu, akaelekeza porini kwa kidevu. Nikaenda, nikajaza mpaka likafurika: mweupe, mwekundu, wa njano, wenye madoadoa, chochote chenye kofia. Nikarudi natembea kwa maringo. Yeye akaketi, akaanza kuuchukua mmoja mmoja na kuutupa nyuma ya bega lake bila kutazama unakoangukia. Alipomaliza, kapu lilikuwa na uyoga mchache wa kuenea kiganjani. Akasema, "Huu pika. Ule mwingine ulikuwa unatuaga."

Tangu hapo akanifundisha uyoga wa aina moja tu kwa msimu. Msikie hapo ninyi mnaotaka kujua wote kwa video moja. Msimu wa kwanza ulikuwa ni ule wa kichuguu peke yake. Hakuniruhusu hata kugusa mwingine. Alinipigisha magoti kwenye kichuguu nichimbe kwa vidole nikifuata mguu wake chini, maana mguu wa uyoga ule unaingia ndani mbali, unachongoka kama mzizi wa muhogo, mpaka kule mchwa wanakolima. Kofia yake ina chuchu ngumu katikati, ambayo ndiyo inayotoboa udongo. Nilichimba mpaka kucha zikaisha. Mume wangu alikuwa akinipokea jioni na kuuliza kama nimeolewa na yeye au na mchwa.

Msimu uliofuata ukaja wa njano. Huo aliniambia nifumbe macho ninuse, na kweli unanukia tunda lililoiva. Chini ya kofia hauna vile vikunjo vyembamba vinavyoachana kama kurasa. Una makunyanzi manene yanayoshuka mpaka mguuni, na ukijaribu kuyabandua hayabanduki. Kisha ukaja ule unaotoa maziwa ukiuvunja. Hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka. Siku moja shemeji yangu alinikuta nimesimama porini nimefumba macho na uyoga puani, akaenda kumwambia kaka yake kwamba mke wako anasali kwa miti.

Kisu alikataza kabisa. Mara ya kwanza aliponikuta nacho nilichapwa fimbo ya mkono, mimi mke wa mtu, mtu mzima. Akaniambia maneno ambayo nimeyasema sokoni mpaka watu wakaniiga: uyoga haukatwi, unang'olewa, ukiukata, umeacha jina lake ardhini. Sikuelewa mpaka alipoutafuta mmoja, akaung'oa kwa jani la mti, akaniwekea mbele. Ulikuwa mweupe, msafi, mzuri kuliko wote tuliowahi kuchuma. Vikunjo vyake vyeupe. Shingoni una kitu kama sketi. Na chini kabisa, ulipokuwa umezama kwenye udongo, mguu umevaa soksi, mfuko mweupe uliochanika mdomo. Akasema huo ni mtamu, waliokula na kuponea chupuchupu walisema hivyo. Unakula, unasifu mpishi, unalala vizuri. Ni baadaye sana, hata kesho yake, ndipo tumbo linapokatika na kutapika kunaanza. Halafu unapata nafuu. Unamshukuru Mungu, unafagia na uwanja, kumbe ini linakufa ndani. Kwa hiyo nawaomba, mtu akila uyoga asioujua akaumwa kisha akajisikia vizuri, msishangilie. Mpelekeni hospitali mbio, na mabaki ya uyoga wenyewe myabebe.

Sasa kuna mjanja hapo ameshaandika: wenye soksi ni sumu, usio na soksi ni salama. Futa. Kuna wenye soksi ambao watu wanaula miaka yote, na kuna usio na soksi utakaokulaza chali. Kuna waliobobea waliokufa kwa kanuni fupi. Mniletee na ile ya kitunguu, kwamba ukiupika na kitunguu kikabaki cheupe basi ni salama. Kitunguu hakijui kitu. Kijiko cha fedha nacho hakijui kitu. Na konokono, mnapenda sana konokono, kwamba akiula na wewe kula. Konokono anakula kitu kitakachokuzika wewe, naye kesho yupo juu ya kaburi anatambaa.

Kitu kingine, uyoga wa kwenu si lazima uwe uyoga wa ugenini. Hili alinifundisha Mama Shija, wa zile familia za wafugaji zilizohama na ng'ombe kutoka kaskazini zikashukia Usangu. Alikuja siku moja kwenye meza yangu, akacheka bidhaa zangu, akaenda kunionyesha uyoga fulani ambao mimi maisha yangu yote nilikuwa naupiga teke. Akaupika, akaula mbele yangu na ugali. Mimi nikawa namtazama siku ile na siku iliyofuata, kila akikohoa nasimama. Hakufa. Lakini yeye mwenyewe aliniambia kwamba alipohamia huku aliacha kabisa kuchuma mmoja uliokuwa kitoweo chake cha utotoni, kwa sababu huku aliona unaofanana nao na hakuwa na uhakika kama ni ndugu au ni mtu baki. Mwanamke yule alikuwa na akili nyingi. Angekuwa na akili hizo mkwe wangu wa Ilomba, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Haya, tufike sasa.

Editha alipata mchumba, kijana wa Kinyakyusa anaitwa Lusajo, fundi umeme, mtaratibu, kwao Ilomba pale Mbeya. Kijana hana neno. Baba yake ndiye alikuwa mtihani. Mzee Ambakisye alikuwa fundi cherehani mstaafu, ameshona suti za nusu ya Mbeya kwa maelezo yake mwenyewe, mtu nadhifu, suruali yake ina mkunjo wa kukata mkate. Na alikuwa mtu wa mila. Vijana wengi wa mjini siku hizi wameziacha, lakini yeye alizishika zile za wazee wa Rungwe, kwamba mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Akiingia huyu, yule anatoka. Wakikutana njiani, binti anajitenga pembeni na kufunika uso mpaka mzee apite. Hiyo ni heshima, si ugomvi, na ilianza siku posa ilipopokelewa. Akivunja binti, kuna faini.

Mara ya kwanza wakwe kuja Kihesa walituletea mkungu wa ndizi, mkubwa, wameusafirisha kwa uangalifu kutoka Tukuyu. Sasa sisi Wahehe ni watu wa ugali. Mimi nilikuwa sokoni, na kaka yangu Filbert, mjomba wake Editha, akaupokea na kuutundika stoo uive. Zilikuwa ndizi za kupika. Mzee alikuja kuaga, akaona mlangoni ndizi zake zinaning'inia kama mapambo, wakati yeye amekaa mchana kutwa akisubiri harufu yake jikoni. Alimwambia mshenga wao wakiwa njiani kurudi, na mshenga akanipigia simu kunifikishia: mzee anasema chakula chake kimekataliwa mara moja, amesamehe, kikikataliwa mara ya pili atajua hatumtaki, na posa ameifuta. Na wote waliomfahamu walinithibitishia kwamba mzee yule akikata, hashoni tena.

Editha alilia. Alimpenda yule kijana, na mimi mama yake nilikuwa nimeshamzoea mpaka namkaripia. Nikamwahidi binti yangu kwamba mara ya pili wakileta hata mawe, tutayapika.

Mara ya pili wakaja kupanga tarehe ya harusi. Ilikuwa masika, mvua imelowesha kila kitu. Walikuja na gari dogo la mshenga: mshenga mwenyewe anaendesha, Mzee Ambakisye mbele, dada yake nyuma. Lusajo alibaki Mbeya kama inavyotakiwa. Tukawapokea kwa salamu za kwetu, kamwene kamwene, wakakaa. Mzee akatuma kitu kiletwe kutoka kwenye gari. Likaja kapu limefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

Akasema amesikia mama wa nyumba hii ni mtu wa uyoga. Amewaza njia nzima amletee nini mtu wa namna hiyo. Ndipo, walipopita Mafinga na kusimama kuchimba dawa, akaona kando ya barabara, karibu na kichuguu, uyoga uleule aliokuwa akichuma na mama yake Rungwe akiwa mtoto. Leo, akasema, yeye ndiye atamlisha muuza uyoga uyoga.

Nikafunua kitambaa. Jamani. Ulikuwa mweupe wote, umepangwa safu kwa safu, na kila mguu umekatwa kwa urefu mmoja kama pindo la suruali. Sketi zilikuwepo shingoni. Vikunjo vyeupe. Chuchu katikati ya kofia hakuna. Ncha za miguu hakuna.

"Baba Lusajo," nikasema taratibu, "mbona hauna miguu?"

"Nimeikata kwa mkasi," akasema. "Ilikuwa na udongo, gari la watu lingechafuka. Kwani nani anakula miguu?"

Dada yake akacheka, mshenga akacheka, na mimi nikacheka, kicheko cha mtu anayeng'olewa jino. Nikauliza kama ulikuwa umeota juu ya kichuguu au kando. Akasema kando, chini ya mti, si ni mulemule? Nikamtazama mshenga nikitumaini msaada. Mshenga akatazama viatu vyake.

Nikalibeba kapu kwenda jikoni, ambako Editha alikuwa amejificha kama mila inavyomtaka. Akatazama mara moja tu. Huyu mtoto nilimlea chini ya meza ya uyoga, nilimfundisha kama nilivyofundishwa, mmoja kwa msimu. Akasema, Mama, huu ni ule. Nikamwambia najua. Akasema, basi mwambie. Nikamwambia nipe nafasi nifikirie. Maana ilikuwa hivi: nikimwambia mzee chakula chako ni sumu mbele ya dada yake na mshenga wake, kwa mara ya pili nyumbani kwangu, posa imekwisha, na binti yangu nimemvunjia moyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisipomwambia, hakuna haja ya tarehe ya harusi.

Nikapata mpango mzuri. Ndani nilikuwa na uyoga wangu mkavu, salama. Nitaupika huo, nitaupamba nyanya na karanga, nitauita wake, na ule mwingine utakwenda chooni. Nimeshika chungu hivi, nasikia viatu. Mzee Ambakisye anakuja jikoni. Anasema hawezi kukaa sebuleni wakati uyoga wa mama yake unapikwa. Anataka kuona unavyopikwa. Editha akaona kivuli chake mlangoni, na mlango ni mmoja. Akatoka kwa dirisha. Nyuma ya dirisha kuna banda la kuku, akaingia humo, akajifungia. Kuku wakapiga kelele zote walizojaliwa. Mzee akauliza kuna nini. Nikasema kicheche.

Akavuta kigoda, akaketi. Mpango wangu ukafia hapo. Nikasema moto hauwaki, kuni mbichi. Akapuliza mwenyewe ukawaka. Nikasema uyoga wa aina hii unatakiwa kulowekwa mpaka kesho. Akasema mama yake hakuloweka. Simu yangu ikawa inatetemeka kwenye khanga, ujumbe kutoka bandani: Mama mwambie. Halafu: MAMA. Nikapasha mafuta, nikakaanga, nikanyanyua sufuria, nikajikwaa. Nilijikwaa vizuri, kwa miaka yangu ile. Uyoga wote ukamwagika kwenye majivu, nami nikaufunika na majivu mengine haraka kabla kuku yeyote hajapata wazo.

Nikamwomba msamaha mzee nikiwa chini, nimeshika goti. Nilikuwa nafurahi moyoni, siwafichi. Naye, muungwana yule, akaniinua, akanipa pole, akasema nisijali kabisa. Uliobaki alikuwa ameuweka kwenye gari kwa ajili ya mke wake. Atautoa huo.

Safari hii hakuniruhusu kushika sufuria. Akapika mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, akinisimulia jinsi alivyoshona kanzu ya padri. Nilikaa pale nikimtazama, na nawaambia ukweli, nilimpenda. Alikuwa anapika kwa furaha ya mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kunipikia mimi uyoga tangu Mama Zakaria afe, na huyu wa kwanza anataka kunizika.

Nilipita sebuleni nikamnong'oneza kaka yangu Filbert: huo uyoga unaua, usitie mdomoni, na wewe ndiye mzee wa kanisa, kwa hiyo utaombea chakula, na utaomba mpaka nipate neno la kusema. Filbert ni mtu wa Usharika tangu utoto, akapokea kazi hiyo kwa uzito. Chakula kikawekwa mezani, ugali unafuka, na sahani ya uyoga katikati, mweupe, unanukia vizuri kuliko nilivyotaka. Tukasimama. Filbert akaanza. Aliombea chakula, waliolima, waliopika. Akaombea safari ya wageni, kwenda na kurudi, kona kwa kona. Akaombea mvua za Iringa, kisha mvua za Mbeya. Akaombea serikali, ngazi zote. Akaombea wagonjwa, na hapo sauti yake ikatetemeka kweli. Mshenga alikuwa amefungua jicho moja. Mimi nilikuwa natafuta maneno na kila niliyoyapata yalikuwa yanamvua mzee yule nguo mbele ya dada yake. Filbert akaombea wanyama wa Ruaha. Baada ya hapo akaishiwa, akasema amina kwa huzuni.

Mzee Ambakisye akanawa, akamega tonge, akalibonyeza katikati, akachota uyoga. Nikaona basi. Bora posa ife kuliko mtu. Nikafungua mdomo.

Mlango wa nyuma ukasukumwa. Editha akaingia. Ana manyoya ya kuku kichwani, ana kinyesi cha kuku begani, khanga imechanika kwa msumari wa banda. Hakufunika uso. Akasimama mbele ya baba mkwe wake, akamtazama machoni, akasema, "Baba, usile. Huo unaua."

Dada wa mzee akajifunika mtandio uso mzima. Mshenga akasema Yesu wangu. Mimi nikakaa kwenye kiti kisicho changu. Mkono wa mzee ulikuwa hewani na tonge, na macho yake yalikuwa kwenye macho ya binti yangu, na binti yangu hakuyaondoa ya kwake. Alijua anachovunja kuliko sisi sote, maana ni yeye aliyekuwa akikivunja.

Mzee akaweka tonge kwenye sahani. Akasimama. Nikadhani anaondoka. Badala yake akakigeuza kiti chake polepole, akaketi akiwa ametazama ukuta, ametugeuzia mgongo sote, mbele yake kuna kalenda tu.

"Mshenga," akasema akiiambia kalenda, "mwulize anayesema huko nyuma amejuaje."

Mshenga akamgeukia Editha, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwa mzee, akamwuliza amejuaje. Editha, naye sasa amefunika uso, akajibu kwamba uyoga huo umevaa sketi na wa kichuguu alioujua yeye hauvai. Na kwamba kofia yake haina chuchu. Na kwamba angeuona mguu wake angeukuta na soksi, ila mguu haupo. Mshenga akaugeukia mgongo wa mzee na kurudia vyote, sketi, chuchu, soksi, kwa sauti ya kusoma matangazo kanisani. Hakuna aliyecheka.

Kwa mtu aliyeshona maisha yake yote, nadhani hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mzee akaiambia kalenda kwamba alipokata aliona kitu cheupe kimebaki ardhini, kama kikombe kilichopasuka. Alidhani ni uchafu. Ndiyo maana alikata juu yake.

Nikaona mabega yake yamelegea ndani ya koti. Nikataka kusema neno la kumtoa aibu, la ndizi, la mvua, lolote. Dada yake ndiye aliyesema, kutoka ndani ya mtandio, kwamba jambo la uyoga limeisha, lakini binti amemtazama kaka yake usoni na kumsemesha, na hilo wote wameliona. Faini ipo. Na kabla ya faini hakuna tarehe. Alisema kwa upole, kwa sababu ndivyo ilivyo. Editha akainamisha kichwa. Miezi yote ile ya kujificha, ya kutoka kwa madirisha, na imeishia hapo.

Mzee akainua mkono mmoja, bado ametazama ukuta, na dada yake akanyamaza.

"Mshenga," akasema. "Mwambie mke wa mwanangu faini ya leo nailipa mimi. Mimi ndiye niliyeleta kifo kwenye kapu, na macho yangu nayo yalimtazama."

Mke wa mwanangu. Mpaka siku ile alikuwa akimwita binti wa Kihesa. Mshenga hakuurudia ujumbe kama alivyofanya mwanzo, akanyoosha mkono tu kumwelekea Editha. Naye Editha akapiga magoti palepale aliposimama, manyoya ya kuku kichwani, akaanza kulia kwa sauti, na mzee akamsikiliza bila kugeuka mpaka alipomaliza.